Pikapu Tupu, Lami Iliyolowa

Pikapu yangu hubeba asali. Kila baada ya wiki tatu hivi huondoka Kampala ikiwa tupu, hupita Luwero, Nakasongola, Kafu na Kigumba, huvuka Nile pale Karuma, hukata kushoto kuelekea Pakwach, huvuka Nile mara ya pili, kisha hupanda Nebbi hadi Arua, safari ya takribani kilomita 500 na yote ni lami. Kutoka Arua ndipo huingia barabara za murramu za upande wa Yumbe na Moyo kukusanya ndoo za asali kwa wafugaji wa nyuki, halafu hurudi Kampala ikiwa imechuchumaa nyuma kwa uzito. Ni Toyota Hilux ya kabini mbili, ya dizeli, yenye fowili (mfumo wa injini kusukuma magurudumu yote manne) ya kuingiza kwa mkono, na kwa miaka mitatu ya kwanza niliivalisha tairi zisizoifaa.

Zile za kwanza nilizinunua mwaka 2019, nikazichagua kwa macho. Zilikuwa tairi za matope, zenye meno makubwa yaliyoachana, na muuzaji alikuwa amezipanga mlangoni ili mpita njia asiweze kuzikwepa. Aliizunguka gari mara moja, akasema, "Bosi, hii ni fowili, usiivalishe viatu vya ofisini." Nilicheka, nikalipa. Sikumweleza kwamba gari hilo hushinda kwenye lami, naye hakuniuliza. Tangu hapo nimepita kwenye maduka mengi ya tairi, na ninaweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja wauzaji walioanza kwa kuuliza gari hutembea wapi kabla ya kuuliza mteja ana fedha kiasi gani.

Nina desturi ya kuandika safari zangu kwenye daftari, kwa ajili ya hesabu za dizeli. Jioni moja nilijumlisha kurasa za mwaka mzima nikaona kwamba katika kila kilomita kumi, karibu nane zilikuwa za lami, zilizobaki zilikuwa za murramu, na katika hiyo murramu sehemu kubwa ilikuwa kavu. Matope halisi, yale ya kumfanya dereva ashuke, avue viatu na kutafakari, yalikuwa mita mia chache hapa na pale. Isitoshe, karibu nusu ya kilomita za lami nilikuwa nimezitembea bila mzigo wowote nyuma. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimelinunulia gari tairi za siku tatu za mwaka, nikazitumia siku zote.

Siku iliyonigutusha ilikuwa ya Aprili 2021, mvua za kaskazini zilipokuwa zikianza baada ya miezi ya vumbi. Nilikuwa nimekwisha kuipita Pakwach na kuanza kupanda kuelekea Nebbi, gari tupu, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, manyunyu yakiwa hayana hata dakika kumi. Manyunyu ya namna hiyo ni mabaya kuliko mvua kubwa, kwa kuwa vumbi, matone ya mafuta na unga wa mpira vilivyolala juu ya lami kwa miezi huchanganyika na maji machache vikawa utelezi, kabla mvua yenyewe haijapata nguvu ya kuviosha. Kwenye kona ya kulia walikuwa wamesimama mbuzi wawili. Niliinua mguu kwenye mafuta nikagusa breki. Sikuikanyaga, niliigusa tu. Nyuma ya gari ikaondoka. Haikuondoka kwa kishindo, ilisogea kushoto taratibu kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake, na katika kioo cha pembeni nikaona nyasi mahali ambapo nilitarajia kuona lami. Nilikata usukani kushoto kuifuata, kama nilivyofundishwa, lakini nikaukata kupita kiasi. Gari likajinyoosha, likapiga mkia upande wa pili, tukatoka barabarani na kusimama juu ya kichuguu. Mbuzi walikuwa bado wamesimama palepale.

Vijana wa bodaboda walionisaidia kulitoa walikuwa na huruma, na mmoja wao aliniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu siku ile: "Mzee, mbona hukuingiza fowili?"

Swali hilo linastahili jibu refu kuliko nililompa nikiwa nimelowa. Fowili hugawa nguvu ya injini. Mguu ukiwa kwenye breki, hakuna nguvu ya kugawa. Kila gari la magurudumu manne lina breki kwenye magurudumu manne, liwe na fowili au lisiwe nayo, na kinachoamua litasimama wapi ni mpira ulioshika lami, sehemu isiyozidi sana kiganja cha mtu mzima kwa kila tairi. Vivyo hivyo kwenye kona. Fowili ingeweza kunisaidia kuondoka kwenye tope nikiwa nimesimama, au kupanda mlima wenye utelezi bila gurudumu moja kuchimba shimo, lakini isingemzuia mtu kwenda nje ya kona anayoingia kwa kasi. Tena ina hila yake: kwa kuwa gari lenye fowili huondoka vizuri mahali palipo na utelezi, humficha dereva jinsi palivyo na utelezi, mpaka atakapotaka kusimama.

Zaidi ya hayo, fowili ya pikapu nyingi tunazoziona Uganda, kama Hilux na Isuzu D-Max, ni ya muda. Kwa kawaida injini husukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Dereva akiingiza H4, yaani fowili ya gia za juu, shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja zizunguke kwa kasi moja, bila difu katikati, yaani gia za kuziruhusu ziachane kwa kasi. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo lazima kitu fulani kiteleze ili tofauti hiyo iishe. Kwenye tope au changarawe tairi huteleza bila kumbugudhi mtu. Kwenye lami kavu tairi hukataa kuteleza, na tofauti hiyo hujilimbikiza ndani ya shafti, gia na difu kama kamba inayosokotwa. Usukani unakuwa mzito, gari linaruka-ruka kwenye kona kali, na ukitaka kuitoa fowili mkono wa gia hautoki. Anayejikuta hapo arudi nyuma kwa kunyoosha mita chache, msokoto utajifungua. Kuna pikapu zenye difu ya katikati, kama Mitsubishi L200 za mfumo wa Super Select, ambazo zinaweza kutembea na fowili kwenye lami, lakini mwenye gari anapaswa kujua analo lipi kabla ya kumwiga jirani.

Kwa nini basi nyuma iliondoka? Nilidhani jibu ni moja, kumbe yalikuwa mawili, na la pili lilikuwa kosa langu kabisa.

La kwanza ni umbo la gari lenyewe likikutana na tairi zile. Pikapu imejengwa ibebe karibu tani moja nyuma, kwa hiyo ina springi za mabamba ya chuma zenye ugumu wa kuhimili tani hiyo. Ikiwa tupu, springi hizo hazina cha kuzikandamiza. Injini na kabini viko mbele, nyuma kuna bati tu, na ekseli nzito ngumu huruka kwenye kila tuta badala ya kulifuata. Tairi za nyuma zimewekewa uzito mdogo kuliko ulioazimiwa, na ndizo zinazosukumwa na injini. Juu ya udhaifu huo mimi niliongeza tairi za matope, ambazo meno yake yameachana makusudi ili tope lipate pa kutokea. Kila nafasi kati ya meno ni mahali ambapo mpira haugusi lami. Madereva wa Kitanzania huyaita meno ya tairi kashata, nami nimelipenda neno hilo, kwa kuwa tairi ya barabarani kweli hufanana na sinia la kashata zilizokatwa karibu karibu, ilhali tairi ya matope ni sinia ambalo watoto wamekwisha kulipitia. Tairi nzuri ya mvua huwa pia na mikato myembamba juu ya kila kashata, midogo kama iliyochorwa kwa wembe, na mikato hiyo ndiyo inayopangusa maji yaliyobaki ili mpira uguse lami. Zangu hazikuwa na mkato hata mmoja.

La pili alilifichua mjomba wangu, siku mbili baadaye, kwenye uwanja wa saruji karibu na nyumbani kwake Arua. Mjomba ni dereva mstaafu wa jeshi, na Kiswahili chake bado kina amri ndani yake. Hakunipa pole. Aliniambia, "Mpwa, lete gari, tuone linavyokanyaga." Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akapiga magoti, akachora mstari mnene kuvuka uso wa kila tairi, kutoka bega hadi bega. Kisha akaniamuru niende mbele kwa kunyoosha, mita ishirini, polepole, nisimame. Tukashuka kutazama. Mbele mstari ulikuwa umefutika karibu wote. Nyuma ulikuwa umefutika katikati tu. Pembeni, kila upande, chaki ilikuwa imebaki nyeupe kabisa, upana wa vidole vitatu.

"Upepo kiasi gani?" akauliza.

Nilikuwa na pauni 40 kwa inchi ya mraba. Ndizo nilizojaza Kampala safari iliyopita ili kubeba asali, na sikuzipunguza baada ya kushusha mzigo, kwa kuwa kupunguza na kujaza tena kila safari kuliniudhi. Kwa hiyo siku ya mbuzi nilikuwa nikitembea kwenye lami iliyolowa, gari tupu, juu ya utepe mwembamba wa mpira mgumu uliovimba kama mpira wa miguu. Tulipunguza pauni mbili mbili na kuchora upya, mpaka chaki ilipofutika bega hadi bega. Geji ilisoma 29. Ajabu ni kwamba namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wangu tangu gari lilipotoka kiwandani, pamoja na nyingine kubwa ya wakati wa mzigo. Nilikuwa nimeifungua na kuifunga milango hiyo miaka miwili bila kuisoma.

Asali ni kitu kizito. Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20, lakini ya asali ina kilo 28 hivi, na ndoo thelathini ni zaidi ya kilo 800, nyuma ya ekseli ya nyuma au juu yake. Ukirudi na mzigo huo ukiwa na pauni 29, ubavu wa tairi hukunjwa na kukunjuliwa kwa kila mzunguko, hupata moto, na tairi iliyopata moto ndani yake hupasuka mchana wa jua kali mahali ambapo hakuna kivuli. Hivyo sasa nina mashine ndogo ya upepo inayochomekwa kwenye betri, na geji yangu mwenyewe, kwa sababu geji za vituo vya mafuta hazielewani hata kwenye kituo kimoja. Napima asubuhi tairi zikiwa baridi. Baada ya saa mbili za mwendo upepo hupanda pauni nne au zaidi kwa joto tu, na anayeziona akazipunguza atakuwa na tairi laini kesho yake asubuhi.

Nilimuuzia tairi za matope mtu anayesomba magogo kutoka mashambani hadi barabara kuu, kazi ya tope kutwa nzima kwa mwendo wa kilomita 20. Alizifurahia sana, na alikuwa na haki.

Mimi nikaenda kununua za mchanganyiko, za lami na murramu, zile zinazoitwa AT, na hapo nikafanya kosa jingine. Muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja, alinipa bei nzuri mno. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, bado na vinyweleo vya mpira vya kiwandani. Usiku nilipokuwa nikizikagua kwa tochi niliona ubavuni, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, tarakimu nne: 1114. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi zangu mpya zilikuwa zimetengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2014, na sisi tulikuwa katikati ya 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa haujakanyaga chini, hasa ukihifadhiwa kwenye joto. Mafuta yake hukauka, hukakamaa, hupata nyufa ndogo kati ya kashata. Ule mng'ao ulikuwa wa kupakwa. Nilirudi dukani nikaambiwa tairi haina tarehe ya kuharibika kama maziwa. Mwaka uliofuata moja ilichanika ubavu kwenye mawe kabla ya Yumbe, na ufa ulianzia palepale penye nyufa. Tundu la msumari kwenye uso wa tairi huzibika, na fundi anayejua kazi huivua tairi na kuweka kiraka kwa ndani badala ya kuchomeka msokoto wa mpira kwa nje tu. Ubavu uliochanika hauna dawa.

Tangu hapo nasoma ubavu wa tairi kama ninavyosoma hati ya kiwanja, na ningependa msomaji mwenye pikapu aende na gari lake kwenye mwanga asome wakati huu. Kwangu kumeandikwa 265/65R17 112S. Milimita 265 ni upana; 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo; R ni nyuzi za ndani zilizopangwa kutoka ukingo hadi ukingo; 17 ni rimu kwa inchi. Namba 112 ni uzito, kilo 1,120 kwa tairi moja, na S ni kasi, kilomita 180 kwa saa, ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeifikia kati ya Kigumba na Karuma. Herufi M+S (mud and snow, matope na theluji) zinazowavutia wengi kwa kuwa zinataja matope hueleza tu mpangilio wa meno. Hakuna aliyeipeleka tairi hiyo kwenye tope kuijaribu. Chenye manufaa zaidi, kama kimeandikwa kwenye tairi, ni neno TRACTION na herufi inayofuata, kutoka AA hadi C, kwa kuwa hiyo hutokana na kupima jinsi tairi inavyosimama kwenye barabara iliyolowa.

Kisha kuna herufi LT, za tairi za kubebea mizigo zenye mwili mzito. Nilikaribia kuzinunua kwa kuona namba 121 ubavuni, yaani kilo 1,450. Lakini tairi hizo hubeba uzito huo zikiwa na upepo wa pauni 80. Kwa upepo uleule, tuseme pauni 35, LT hubeba pungufu kuliko tairi ya kawaida ya ukubwa uleule, hivyo anayezivaa na kufuata kibandiko cha mlangoni anajidanganya. Inampasa kuzijaza zaidi, na akizijaza zaidi, pikapu tupu inakuwa toroli. Kwa anayeshinda kwenye mawe na mzigo, ni chaguo la haki, kwa kuwa ubavu wake hustahimili. Kwa safari zangu niliziacha.

Kuhusu ukubwa, kishawishi ni kupanda. Vijana wengi huweka 265/70R17 mahali pa 265/65R17 ili gari lisimame juu. Kipenyo hupanda kutoka milimita 776 hadi 803, na spidomita ikisoma 100 wewe unatembea zaidi ya 103. Gia zinakuwa ndefu, dizeli inaongezeka, breki zinabeba gurudumu zito zaidi, na mpira unaweza kukwaruza kinga ya matope usukani ukikatwa wote. Faida ni sentimita moja na ushee chini ya difu. Na upana? Mjomba alinisimamisha siku moja kando ya barabara ya Yumbe zilipokuwa zikipita Land Cruiser nyeupe za mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Bidi Bidi, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016. "Hawa wanaingia tope kila siku. Tazama tairi zao." Zilikuwa 7.50R16, ndefu na nyembamba, za tyubu, hazina urembo wowote. Tairi nyembamba hukata tope laini ikatafuta ardhi ngumu chini, ilhali pana huelea juu na kuteleza. Pana ina sifa yake kwenye mchanga. Sisi tunazivaa kwa ajili ya picha.

Hatimaye, mwaka 2022, nilivaa AT za ukubwa uleule wa kiwandani, zenye kashata za katikati zilizokaribiana na mikato mingi, mabega yaliyoachana kiasi kwa ajili ya murramu. Nilinunua tano. Watu walinicheka kwa ile ya tano, na bei ya tairi moja ilitosha dizeli ya kwenda na kurudi Arua karibu mara mbili, lakini sababu ni ile fowili. Tairi mpya ya namna hii ina kina cha milimita kumi hivi. Ikifika milimita tatu, mzingo wake umepungua karibu sentimita nne na nusu kwa kila mzunguko. Inaonekana si kitu. Katika kilomita moja, tofauti kati ya mpya na iliyokwisha ni mita 18. Ukiweka mbili mpya nyuma na mbili kuukuu mbele, kisha ukaingiza H4, shafti zilizofungwa pamoja zinadaiwa mita hizo 18 katika kila kilomita hata ukienda kwa kunyoosha, na kwenye murramu ngumu iliyokauka deni hilo hulipwa na gia na difu. Nikiwa na tano, nazizungusha zote kila kilomita 10,000, ya akiba ikiwemo, zinachakaa pamoja. Tena ya akiba isiyoshushwa hufungwa kwa vumbi na kutu chini ya gari. Niliwahi kumwona mwenzangu mmoja akipambana na mnyororo wake kwa saa nzima karibu na Laropi, huku kivuko kikija na kuondoka.

Anayeweza kununua mbili tu, azifunge nyuma. Najua wengi huzifunga mbele, kwa hoja kwamba mbele ndiko usukani uliko. Mbele ikiteleza, gari hunyoosha, na dereva akiinua mguu hulirudisha. Nyuma ikiteleza, hufanyika nilichokieleza hapo juu, na si kila mahali pana kichuguu.

Kuhusu uendeshaji kwenye murramu nitasema machache. Pale penye mawimbi nashusha hadi pauni 26 gari likiwa tupu na kukaa kwenye kilomita 50. Ni kweli kwamba ukikimbia zaidi mtetemo hupungua, kwa kuwa tairi zinaruka kutoka wimbi hadi wimbi, lakini tairi iliyo hewani haina usukani wala breki. Mteremko mkali wenye utelezi, kama ule wa kushuka kutoka Moyo kwenda kwenye kivuko, nauingia na L4, yaani fowili ya gia za chini, gia ya kwanza au ya pili, mguu mbali na breki, injini ilishike gari. Na udongo mweusi, ule wa Karamoja, hauna tairi. Nilikwama kati ya Kotido na Kaabong mwezi Agosti nikiwa na tairi za matope, wakati bado nilikuwa na imani nazo. Tope lilijaza meno yote kwa mizunguko michache, tairi nne zikawa laini kama mitungi, na fowili ikazizungusha zote kwa usawa papo hapo tuliposimama. Tulilala. Saa nne asubuhi jua lilikuwa limekwisha kukausha ngozi ya juu, tukaondoka kwa gia ya pili bila tatizo.

Tairi za 2022 sasa zina kilomita zinazokaribia 65,000 na zimebaki na milimita nne. Vile vinundu vilivyo ndani ya mifereji, vinavyoonyesha milimita 1.6, bado viko chini, na kwa desturi ya barabara zetu ningeweza kuziendesha mwaka mwingine. Lakini mifereji ya kina kifupi haina pa kuweka maji, na uwezo wa kusimama kwenye mvua hupungua muda mrefu kabla ya kufika kwenye vinundu. Wiki iliyopita nikaagiza tano nyingine, ukubwa uleule. Zilipoletwa kutoka ghalani niliomba tochi. Nne zilikuwa za mwaka huu, zote za wiki ileile. Ya tano ilikuwa na miaka minne. Kijana wa duka aliitazama ile tarakimu kama anaiona mara ya kwanza, akairudisha bila ubishi, akaleta nyingine.

Mjomba alipiga simu jioni kuuliza kama nimezibalansi na kama nimenyoosha magurudumu, kisha akauliza zile kuukuu nitazifanyia nini, kwa sababu anahitaji mbili za kupandia vitunguu. Jumamosi naondoka kwenda Arua, gari tupu, na inasemekana mvua imeanza Nebbi. Nyuma nitaweka pauni 29. Chaki iko kwenye droo ya dashibodi.